Kugeuza DOCX kuwa PDF kwa LibreOffice iliyo kwenye flashi

Ukiwa na LibreOffice Portable (programu ya ofisi isiyohitaji kusakinishwa) kwenye flashi, huna haja ya kufungua faili mojamoja ili upate PDF. Ingia folda ya App\libreoffice\program iliyo ndani ya folda ya LibreOffice Portable, tumia soffice.com (si soffice.exe, maana hii ya .com inakuonyesha makosa papo hapo kwenye dirisha la amri):

soffice.com --headless --convert-to pdf --outdir E:\pdf E:\barua\*.docx

Sasa penye mtego. Kama kuna LibreOffice nyingine imefunguliwa inayotumia wasifu uleule (yaani folda ileile ya mipangilio ya mtumiaji), amri inaweza kuisha kimya bila faili hata moja kutoka. Hakuna kosa, hakuna onyo. Mimi nililaumu skripti yangu jioni nzima, kumbe dirisha la Writer, programu ya LibreOffice ya kuandikia, lilikuwa limejificha chini. Dawa ni kuipa amri wasifu wake yenyewe, kwa kuongeza hii baada ya soffice.com:

-env:UserInstallation=file:///E:/wasifu

Angalia mikwaju: hapo ni ya mbele, na ni mitatu baada ya file.

Halafu, ukiihifadhi amri kwenye faili la .bat (faili la amri za Windows), usiandike E: moja kwa moja humo. Flashi ikihamia kompyuta nyingine inaweza kuwa F: au G:. Weka %~d0 mahali pake, nayo itasoma yenyewe herufi ya diski ambayo .bat imo.

Fonti je? Isipokuwepo kwenye kompyuta unayotumia, inawekwa nyingine na kurasa zinaweza kuhama, kwa hiyo fungua PDF moja uikague kabla ya kutuma zote.