Tanga mpaka Pangani kwa baiskeli ya gia: soma maji kwanza ndo upange njia

Mtu akitaka kutoka nje ya mji na baiskeli ya gia swali lake la kwanza huwa ni kilomita ngapi. Kwa huku kwetu Tanga hilo ni swali la pili bana. La kwanza ni maji yako wapi: bahari imejaa au imekupwa, mvua imenyesha lini kule juu Usambara, mto umechafuka au la. Njia ileile ya pembeni ya mikoko, leo unaipita unaimba, wiki ijayo saa hiyohiyo unaikuta iko chini ya maji na baiskeli unaibeba begani. Kwa hiyo ntaanza na maji, mambo ya baiskeli yatakuja.

Watu wa pwani hesabu hii wanaijua bila simu. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ndo bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Katikati ya hapo, tarehe saba nane na ishirini na mbili tatu za mwezi wa Kiislamu, ni maji mafu, bahari haiendi mbali wala hairudi kwa nguvu. Siku za bamvua pwani hii maji yanakuwa yamekupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, halafu yanajaa alasiri kwenye saa kumi. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50 hivi. Sasa ukishajua hilo umeshajua na ratiba yako: siku ya bamvua ondoka mapema, vipande vya pwani uvimalize kabla ya adhuhuri, alasiri uwe umeshapanda juu kwenye mkonge ambako bahari haifiki. Kama hujui tarehe ya mwezi muulize mzee yeyote aliyekaa barazani au mvuvi anayeshona nyavu, atakujibu na saa juu.

Baiskeli. Huhitaji ya milioni. Zile za mtumba zinazouzwa mjini zinatosha kabisa, muhimu tairi iwe nene ya inchi 2.1 kwenda juu yenye meno, na breki zishike. Breki za diski ni bora kwenye tope kwa sababu breki za mpira zinazobana rimu zikishaingia matope ya mikokoni zinasaga rimu hata kushika hazishiki. Usijaze upepo ukakaza kama unavyojaza kwa safari za lami, kwenye mchanga kwa mtu wa kilo 70 hivi psi (kipimo cha upepo kwenye pampu) 25 mpaka 30 inatosha, ukifika barabara ngumu ongeza. Tyubu za akiba mbili, viraka, solushen, pampu ndogo, na cheni kiungo kimoja cha ziada. Na kama tyubu zako ni za ile valvu nyembamba beba kiunganishi chake, maana fundi wa kijijini pampu yake ni ya zile baiskeli za kawaida za Phoenix, mtakaa mnatazamana. Kitu kingine mafundi wetu wanapenda sana kupaka cheni oili chafu ya gari. Kwa baiskeli ya kubebea madumu sawa, ila kwa njia ya mchanga ile oili inakamata kila chembe na gia zinaisha haraka, mwambie akupake kidogo tu ya cherehani na aifute.

Tanga hii ni mji wa baiskeli tangu zamani, kina mama kwa kina baba wanaendesha, kwa hiyo fundi Ngamiani hukosi kila mtaa. Kagua spoku na beringi hapo kabla hujatoka, sio ukiwa porini.

Kwa anayeanza, njia ya kwanza iwe bonde la Mkulumuzi. Unatoka mjini kwa barabara ya Horohoro, kama kilomita nane hivi kuelekea kaskazini, unaacha lami unaingia Kiomoni kwenye Mapango ya Amboni. Hapo unalipa kiingilio, unapewa mtu wa kukutembeza ndani, baiskeli unaiacha kwa walinzi. Mapango ni ya mawe ya chokaa yaliyochongwa na maji, yako kumi ila linalotembelewa na wageni ni moja. Popo ni wengi, tochi lazima, na viatu vya kuendeshea vyenye chuma chini usiingie navyo, mawe ya chokaa yakilowa yanateleza kuliko sabuni. Ukitoka pango ndo raha yenyewe, vijia vya wenyeji vinashuka bondeni kando ya mto, kuna miti mikubwa, kivuli, miembe, halafu ghafla unakuta mteremko wenye mizizi. Badili gia kabla ya mteremko na sio katikati yake, makalio nyuma ya siti, vidole viwili kwenye breki, macho yaangalie unakotaka kwenda sio jiwe unaloliogopa.

Upande wa pili kuna mto Sigi. Huu unaanzia milima ya Usambara Mashariki kule Amani na ndio maji ya bomba ya mji wa Tanga yanakotoka, kupitia bwawa la Mabayani. Kuna mambo mawili hapa. Moja, inaweza kuwa Tanga jua linawaka siku ya tatu na mto umejaa, kwa sababu mvua imepiga Amani, kwa hiyo kivuko ulichovuka asubuhi maji yakiwa chini ya goti usikiamini jioni, na maji yakibadilika rangi yakawa ya chai ya maziwa rudi ulikotoka hata kama umebakiza hatua kumi. Pili, usioshee cheni yako mtoni, tunayanywa hayo.

Ukishazoea nenda kusini, Tongoni. Ni kama kilomita 17 kutoka mjini kwa barabara ya Pangani, ila ukitumia vijia vya upande wa bahari inaongezeka na inanoga. Hapa ndipo utakutana na mikoko na nyuma ya mikoko ule uwanda mweupe wa chumvi ambao unaonekana mgumu, tambarare, unakuita uchochee pedeli. Usiuamini. Juu ni ganda, chini ni tope, tairi ya mbele inazama wewe unaendelea na safari bila baiskeli. Fuata alama za matairi ya waliopita, wale wabeba chumvi na kuni wanajua pa kukanyaga, na kama hakuna alama kabisa kuna sababu. Angalia pia mti: penye mchu, ule wenye mizizi midogo inayochomoza juu ya tope imesimama wima, pana matope laini na ile mizizi usiikanyage, ndiyo inayopumulia mti na tairi yako pia haitaipenda. Siku za bamvua huo uwanda wote unafunikwa, kwa hiyo alasiri usiwe huko.

Pale Tongoni kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi zaidi ya arobaini, mengine ya nguzo, ya karne ya 14 na 15. Zamani mahali hapa paliitwa Mtangata. Meli ya Vasco da Gama iitwayo São Rafael ilikwama kwenye miamba ya hapa mwaka 1498 wakiwa wanakwenda, na 1499 wakati wa kurudi wakaichoma moto hapahapa kwa sababu mabaharia walikuwa wamekufa wengi, hawakutosha kuendesha meli zote. Mimi huwa napendekeza mtu akae hapo nusu saa apumzike, baharini unaona mikoko inavyosogea. Baiskeli iache nje ya uzio, usiiegemeze kaburini, na kama umevaa ile kaptura ya kubana funga kikoi juu. Ni makaburi ya watu, na wapo wanaokuja kuomba dua.

Hapo sasa kuhusu kuuliza njia. Tuseme unakwenda Kigombe, kijiji cha mbele kuelekea Pangani. Usiulize "hii njia inaenda Kigombe?" Utajibiwa ndiyo, mtu hataki kukuvunja moyo na kwa kweli kila njia inaenda Kigombe ukizunguka vya kutosha. Salimia kwanza, tulia, shuka kwenye baiskeli. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, watoka wapi na jua hili?" Mkishaongea mawili matatu ndo unauliza, "njia ya Kigombe isiyo na maji ni ipi?" Hapo atakwambia yote, pita pale kwa mbuyu, ule mfereji wa pili usivuke, kuna nyuki. Nyuki uwasikilize kweli, Novemba 1914 Waingereza walipokuja kuiteka Tanga kutoka kwa Wajerumani nyuki waliwachachamalia askari katikati ya mapigano, hadithi hiyo hapa mjini kila mtu anaijua.

Baada ya Tongoni unaingia kwenye mkonge, mpaka Kigombe na kuendelea. Kwa kuendesha ni barabara nzuri, ngumu, zimenyooka, na ndo tatizo lake pia maana vitalu vyote vinafanana na ukikunja kona tatu hujui tena bahari iko wapi. Asubuhi jua likupige bega la kushoto ukiwa unaelekea kusini, ikibadilika jua umepotea. Kivuli hakuna kabisa, lita tatu za maji kwa mtu mmoja sio nyingi. Ncha ya jani la mkonge ni mwiba mgumu, inatoboa tairi na inatoboa muundi, kwa hiyo kaa katikati ya njia na usijaribu kukatiza katikati ya mistari. Ukikutana na mlinzi wa shamba msimamie umwombe kupita, ni mali ya watu. Mkonge wenyewe ulikuja 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikafika hai 62 tu ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mashamba yote unayoyaona yametokana na hiyo.

Pangani yenyewe ni kama kilomita 50 kutoka Tanga, na hapa zingatia upepo. Januari na Februari kuna kaskazi, unatoka Tanga unasukumwa mpaka Pangani. Juni mpaka Septemba ni kusi, ukitoka Tanga utapigwa na upepo usoni njia nzima, kwa hiyo panda basi asubuhi na baiskeli juu ya keria, anzia Pangani urudi kaskazini. Aprili na Mei ni masika, mimi nisingekwenda, udongo wa mfinyanzi unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka.

Ukilala Pangani siku ya pili vuka mto kwenda Bweni uendeshe kwenye minazi. Mto huu umetoka Kilimanjaro na Meru, umepita Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya Hale, ukifika hapa umechoka, mpana na wa matope, na una mamba. Usinawe miguu ukingoni, usipitishe baiskeli kwenye matete hata kama njia inaonekana. Maji ya kunawa omba kisimani.

Chakula usibebe sana, madafu na mihogo ya kuchoma utapata, ila mwezi wa Ramadhani mchana vibanda vingi vimefungwa, beba tende na chapati zako na ukila jitenge kidogo. Ukirudi nyumbani siku hiyohiyo, sio kesho, mwaga maji baridi ya bomba kwenye baiskeli nzima mpaka chini ya pedeli, chumvi ya pwani inakula cheni usiku mmoja tu. Ikikauka ndo upake oili. Na kwenye basi nauli ya baiskeli kubaliana na konda kabla hajaipandisha, fungua pedeli na ugeuze usukani, upande wa gia uangalie juu.