Kumpata Kaa angani ukiwa Mombasa

Kati ya makundinyota 12 ya zodiaki, yaani yale yaliyo kwenye njia ya Jua, Kaa, ambaye vitabu vya falaki humwita Saratani, ndiye hafifu kuliko wote. Nyota yake kali kabisa, Al Tarf, ina mwangaza wa daraja 3.5, na kadiri namba inavyopanda ndivyo nyota inavyofifia. Ukisimama chini ya taa za Mama Ngina au karibu na bandari ya Kilindini, huenda usione hata nyota yake moja. Kwa hiyo usianze kumtafuta kaa mwenyewe. Tafuta pengo jeusi lililo kati ya Mapacha na Simba, kwani makundi hayo mawili yana nyota kali zinazoonekana hata mjini.

Msimu wake ni wa kaskazi. Kuanzia katikati ya Januari hadi katikati ya Machi anga la Pwani huwa safi, na masika yakishaingia mawingu huharibu kazi. Katikati ya Februari, saa tatu usiku, Kaa yuko kaskazini mashariki, upande wa bahari, kwa hiyo ufuo ulio mbali na taa za mahoteli unafaa sana. Kuelekea Kikambala na Vipingo kuna giza zuri kuliko Nyali. Katikati ya Machi hufika juu kabisa kama saa tatu na dakika ishirini usiku, nyuzi 66 kutoka upeo wa macho upande wa kaskazini. Kila usiku hutangulia kwa dakika 4, yaani saa mbili nzima kwa mwezi.

Chagua usiku usio na mbalamwezi: tangu tarehe 22 ya mwezi wa Kiislamu hadi tarehe 4 ya mwezi unaofuata. Lakini kumbuka kwamba mwezi ukiandama maji huwa ya bamvua, basi tazama jedwali la maji kabla ya kuweka kiti chako mchangani. Ukifika, yape macho dakika 20 bila kutazama simu. Mara moja tu ya kuangalia skrini nyeupe na unaanza upya. Ukihitaji tochi, ifunge kwa kitambaa chekundu kizito.

Sasa, Kaa akiwa karibu na kilele chake, elekea kaskazini. Mkono wako wa kushoto, magharibi, tafuta Castor na Pollux, nyota mbili za Mapacha zilizoachana kwa upana wa vidole vitatu ukinyoosha mkono. Pollux ndiyo kali zaidi na ina rangi ya manjano kidogo. Upande wa kulia tafuta Regulus ya Simba, iliyo kwenye kitako cha mpini wa umbo la mundu. Unganisha Pollux na Regulus kwa mstari wa kuwazia, kisha toka Pollux ngumi moja na nusu. Kutoka hapo hadi Regulus ni kama shubiri moja na kidogo. Hapo katikati, kabla kidogo tu ya kufika nusu ya njia, pana kitu mfano wa doa la moshi.

Usilikazie macho. Sehemu ya katikati ya jicho ni dhaifu gizani, hivyo tazama pembeni kidogo na doa litajitokeza lenyewe. Hilo si wingu. Ni Praesepe, au M44, kundi la nyota zipatazo 1,000 lililo umbali wa takriban miaka ya nuru 600. Waarabu waliliita Nathra, manzili, yaani kituo, ya nane ya mwezi. Warumi waliliona ni hori la kulishia, na nyota mbili zilizo kando yake, Asellus Borealis na Asellus Australis, wakaziita punda wadogo wanaokula humo. Kati yao Australis ndiye anayeonekana kwa urahisi. Galileo alipolielekezea darubini yake alihesabu nyota zaidi ya 30, na habari hiyo akaichapisha mwaka 1610.

Ukishawapata punda, Kaa mzima anajichora. Kwa sisi wa Mombasa umbo lake ni herufi Y iliyosimama wima, wakati watu wa Ulaya humwona kichwa chini. Mguu wa Y unashuka kutoka Australis kupitia Borealis hadi nyota ya Iota. Mkono wa kushoto unapanda hadi Al Tarf na wa kulia hadi Acubens.

Darubini ya macho mawili ya 10x50 (inayokuza mara 10, yenye lenzi za milimita 50) inatosha, na kwa kweli inashinda ile kubwa ya kukuza sana: M44 ina upana wa miezi mipevu mitatu, kwa hiyo ukikuza mno unabaki na nyota chache zilizotawanyika na kundi limepotea. Usiitoe moja kwa moja kwenye chumba chenye kiyoyozi, maana lenzi zitapata ukungu. Iache ndani ya mfuko hadi ipate joto la nje. Chumvi ya bahari ipulize kwanza kabla ya kufuta, la sivyo itachubua lenzi.

Makosa matatu hurudiwa sana. Wengine hukamata Kilimia wakidhani ndiyo M44, lakini Kilimia inang'aa zaidi na wakati huo iko magharibi. Wengine huchukua kichwa cha Nyoka wa Maji, kishada cha nyota kilicho juu zaidi kuelekea utosini, wakakifanya Kaa. Na ukiona "nyota" kali isiyometameta karibu na hori, hiyo ni sayari. Njia ya Jua hupita kando ya M44, na sayari hufuata njia hiyo hiyo.

Aliyezaliwa Julai akitoka kutafuta "nyota yake" siku ya kuzaliwa hataiona. Jua lenyewe hupita ndani ya Kaa kuanzia karibu Julai 20 hadi Agosti 10, na Kaa huchomoza na kuzama pamoja nalo. Tarehe za utabiri, Juni 21 hadi Julai 22, ni za zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mhimili wa dunia huyumba kama pia, mzunguko mmoja kwa miaka 26,000 hivi, na tangu wakati huo makundinyota yamesogea. Siku hizi tarehe 21 Juni Jua liko mpakani mwa Ng'ombe na Mapacha, ingawa vitabu vya jiografia bado vinasema Tropiki ya Kansa, yaani ya Kaa.

Kama Mapacha na Simba wanaonekana vizuri lakini hori halionekani hata kwa kutazama pembeni, kuna utando wa mawingu membamba au unyevu mwingi hewani. Wagiriki wa kale walichukua dalili hiyo kuwa ya mvua. Subiri nusu saa upepo upitishe utando, halafu anza tena kutoka Pollux.