Fangasi wa ngozi kwa simbilisi: kumtibu mnyama, na kulisafisha banda pia

Simbilisi akianza kunyonyoka manyoya puani, wafugaji wengi wa Dar es Salaam hushika kilicho karibu: tyubu iliyobaki kabatini tangu mtoto alipougua mapunye, mafuta ya taa, au oili chafu kutoka gereji. Oili na mafuta ya taa huunguza ngozi, na simbilisi anapojilamba humeza sumu. Tyubu nayo mara nyingi ni ile ya mchanganyiko wa dawa ya fangasi na steroidi (dawa ya kutuliza wekundu), ambayo madhara yake tutayaeleza. Ugonjwa wenyewe unatibika vizuri. Kinachowashinda watu ni kutibu mnyama na kuacha banda, au kuacha dawa siku manyoya yanapoanza kurudi.

Je, ni fangasi kweli?

Anayehusika mara nyingi ni Trichophyton mentagrophytes, aliye jamii moja na fangasi wa mapunye. Huanzia usoni: juu ya pua, kuzunguka macho, kwenye masikio. Baadaye hushuka mgongoni na miguuni. Utaona baka lisilo na manyoya, magamba meupe kama mba, na pengine ukoko na wekundu pembezoni. Manyoya ya ukingoni huwa yamekatika, au hutoka kirahisi ukiyavuta. Wengi hujikuna kidogo tu.

Akijikuna mpaka damu itoke, akalia kwa sauti ukimgusa mgongo, au akaanguka na kutikisika kama mwenye kifafa, fikiria utitiri wa upele kwanza. Utitiri huyu huchimba ndani ya ngozi, kwa hiyo usitegemee kumwona kwa macho. Hupenda mabega, mgongo na mapaja kwa ndani, na ngozi huwa nene yenye ukoko wa njano. Dawa yake, ivermectin, ni ya daktari wa mifugo kupima. Chupa ya sindano ya ng'ombe ina miligramu 10 kwa kila mililita, na simbilisi wa kilo moja anahitaji chini ya sehemu moja ya kumi ya mililita. Ukikosea kidogo tu, umezidisha mara kadhaa. Mnyama anaweza pia kuwa na utitiri na fangasi kwa pamoja, na hapo kutibu kimoja hakutoshi.

Usihangaike na kipara kidogo nyuma ya kila sikio. Simbilisi wote wanacho. Jike mzima anayepoteza manyoya mbavuni pande zote mbili kwa usawa, ngozi ikiwa safi, huenda ana uvimbe wa maji kwenye ovari. Manyoya yaliyokatwa kama kwa mkasi, bila magamba, ni kazi ya mwenzake wa bandani anayeyatafuna.

Kama utapeleka sampuli maabara, ichukue kabla ya kupaka chochote. Nyofoa manyoya na magamba kwenye ukingo wa baka, kwa sababu katikati mara nyingi fangasi wamekwisha kupita. Tia kwenye bahasha ya karatasi iliyo kavu. Mfuko wa plastiki hubaki na unyevu na kuotesha ukungu mwingine. Kuotesha sampuli huchukua wiki mbili hadi tatu. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina maabara yake kuu Temeke. Daktari wako akuelekeze namna ya kupeleka. Ukiambiwa taa ya zambarau haikung'aa, usidhani mnyama ni mzima. Taa hiyo huonyesha baadhi ya Microsporum tu, na Trichophyton hang'ai.

Krimu: ipi, na kiasi gani

Baka moja hadi matatu madogo hutibika kwa krimu. Nunua famasi clotrimazole asilimia 1 au miconazole asilimia 2, na orodha ya viambato iwe na hicho kimoja tu. Ukiona steroidi kama betamethasone, clobetasol, dexamethasone au hydrocortisone, rudisha tyubu hiyo. Krimu za mchanganyiko zimejaa madukani na zinapendwa kwa sababu wekundu hupungua ndani ya siku mbili tatu. Kinachopungua ni mapambano ya ngozi. Fangasi wenyewe wanaendelea kutanuka chini yake, na baada ya wiki mbili baka moja limekuwa manne.

Mafuta ya Whitfield nayo yaache. Yana asidi ya salisiliki, yanachoma ngozi laini ya pua, na simbilisi hulamba kila anachopakwa. Mafuta ya mti wa chai ni sumu kwake.

Vaa glovu. Punguza manyoya yanayozunguka baka kwa upana wa sentimita moja, kwa mkasi wa ncha butu. Wembe usitumie, maana mikwaruzo yake huwapandikiza fangasi mahali papya. Manyoya uliyokata yatie kwenye mfuko na uufunge. Ukoko mgumu uloweshe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kwa dakika chache mpaka ulegee. Ukiubandua kwa nguvu utaacha kidonda.

Baka la ukubwa wa sarafu ya shilingi 200 linatosha krimu ya kiasi cha punje ya choroko. Paka mpaka nusu sentimita nje ya baka, sugua taratibu, futa inayobaki juu. Kupaka nene hakuongezi nguvu ya dawa, kunaongeza tu cha kulamba. Karibu na jicho tumia kijiti cha pamba na uishie mbali na ukope. Kisha mshike mapajani dakika 10 hadi 15 akitafuna kipande cha pilipili hoho, ili dawa iingie kabla hajafikiria kujisafisha.

Rudia asubuhi na jioni. Manyoya machanga huanza kuonekana wiki ya pili au ya tatu, na hapo ndipo wengi huacha. Endelea wiki mbili zaidi baada ya ngozi kuonekana safi. Kwa jumla hesabu wiki nne hadi sita.

Mabaka yakiwa mengi

Mabaka yakisambaa mwilini, au wanyama wengi wakiugua, krimu haitoshi. Shampuu ya mbwa yenye miconazole na klorheksidini hutumika mara mbili kwa wiki. Maji yawe ya uvuguvugu, kichwa kisiloweshwe (usoni endelea na krimu), na povu likae dakika 10 kamili kwa saa kabla ya kusuuza. Dakika mbili hazifanyi kitu. Mwogeshe asubuhi ili akauke mchana, umkaushe kwa taulo mpaka tumboni, na usimweke mbele ya feni akiwa mbichi.

Dawa ya kumeza anaiandika daktari, kwa kawaida itraconazole, miligramu 5 hadi 10 kwa kilo kwa siku. Tatizo ni kipimo: kapsuli ya binadamu ina miligramu 100, na simbilisi wa gramu 800 anahitaji 4 hadi 8. Kugawa kapsuli kwa macho mezani ni kubahatisha, kwa hiyo omba iandaliwe kama dawa ya maji. Griseofulvin hapewi jike mwenye mimba, kwani huharibu watoto tumboni. Vidonge vya ketoconazole ni vikali kwa ini.

Kidonda kikipata usaha, usimpe amoxicillin wala ampicillin, hata kidogo. Penisilini na jamaa zake, erythromycin na clindamycin huua bakteria wazuri wa utumbo wa simbilisi, wabaya hushika nafasi, na mnyama hufa kwa kuhara ndani ya siku chache. Dawa iliyomponya mtoto wako kikohozi inaweza kumuua simbilisi wako. Mwambie hivyo hata daktari aliyezoea ng'ombe na kuku, hatachukia.

Mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni na uandike. Akipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake, au akipitisha nusu siku bila kula, huo ni ugonjwa wa haraka kuliko fangasi. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Banda ndilo linalorudisha ugonjwa

Mbegu za fangasi hukaa miezi mingi kwenye manyoya yaliyodondoka, mbao na vitambaa. Kwa hiyo mara mbili kwa wiki, kwa muda wote wa matibabu, toa maranda yote, yafunge kwenye mfuko na uyatupe. Usiyahamishie banda la kuku wala bustanini. Usifagie kavu: vumbi linalopanda ndilo lililobeba mbegu. Nyunyiza maji kwanza, kisha futa.

Osha kwa sabuni mpaka uchafu wote utoke, kwani klorini hupotezea nguvu zake kwenye uchafu. Ule utando mweupe wa mkojo hutoka kwa siki au ndimu, lakini suuza sana kabla ya hatua inayofuata. Klorini ikikutana na siki au mkojo hutoa hewa inayokaba koo. Changanya mililita 100 za Jik ya asilimia 3.5 na lita moja ya maji, loweka sehemu zote na ziache mbichi kwa dakika 10. Suuza, anika juani. Simbilisi asirudi mpaka harufu iishe. Mbao ambayo haijapakwa rangi hunywa mkojo na mbegu na haisafishiki. Wakati wa matibabu mweke kwenye beseni pana la plastiki. Vitambaa vifuliwe peke yake kwa maji ya moto.

Unyevu wa Dar ni rafiki wa fangasi, na masika, Machi hadi Mei, ndiyo miezi mibaya zaidi. Maranda yaliyonunuliwa kwa maseremala wa Keko siku ya mvua yaanike kwanza. Muulize seremala kama mbao ilipakwa dawa, na ukatae vumbi la ubao wa gundi. Chekecha vumbi laini, tumia vipande. Badilisha sehemu ya kukojolea kila siku. Nyasi zenye harufu ya ukungu usiziweke hata kama ni ghali.

Kuna mtego mwingine wakati wa joto. Simbilisi huanza kuteseka joto likikaribia nyuzi 30, na wenye busara humwekea chupa ya maji ya barafu. Ila chupa hiyo hutoa jasho na kulowesha maranda usiku kucha. Ifunge kwa taulo na uiweke juu ya sahani, au tumia kigae cha sakafuni kilichotoka kwenye friji na kukaushwa.

Chakula, na watu wa nyumbani

Mwili wa simbilisi hautengenezi vitamini C, kama wetu. Ikipungua, ngozi haiponi. Anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kilo kila siku, na mgonjwa apewe upande wa juu. Pera ni jibu rahisi mjini: gramu 10 hadi 15 zinatoa kiasi cha miligramu 25 au 30, na zisizidi hapo kwa sababu ya sukari. Au mpe robo ya hoho la wastani. Vitamini ya kutia kwenye maji ya kunywa huharibika haraka kwa mwanga na joto.

Tibu wote waliolala banda moja, hata wasio na baka. Hudumia wazima kwanza, wagonjwa mwisho, kisha nawa na badili nguo. Mwingine mpya akae peke yake wiki tatu hadi nne, chumba kingine kama kipo. Fangasi huyu anaingia kwa binadamu: watoto wasimbebe mgonjwa, na mwenye kinga dhaifu asisafishe banda. Mtu akipata duara linalowasha mkononi, krimu hiyo hiyo ya kawaida hufaa, ila mapunye ya kichwani kwa mtoto yanahitaji dawa ya kumeza kutoka hospitali.

Ikipita wiki ya nne bila nafuu, usiongeze krimu. Rudi kwa daktari aparuze ngozi kutafuta utitiri, soma tena viambato vya tyubu, kisha angalia vile ambavyo havijaoshwa: kibegi cha kusafiria, brashi ya manyoya, na kile kitambaa unachompakatia kila siku.