Tembo wa Delta: kushona mkonga usioinama

Kwa tembo wa kitambaa unayemshonea mwanachama wa Delta Sigma Theta, udada (chama cha wanawake wasomi) wa Marekani, kinachotazamwa kwanza ni mkonga. Ukining'inia, zawadi imekosewa. Udada huu ulianzishwa na wanafunzi 22 wa Chuo Kikuu cha Howard, Washington, tarehe 13 Januari 1913. Mmoja wao, Florence Letcher Toms, alikuwa akikusanya sanamu za tembo walioinua mkonga, na kipenzi chake kikawa cha dada zake wote: mkonga juu, malengo juu. Tembo mwenyewe si nembo rasmi, kwa hiyo sura yake ni hiari yako. Mkonga na rangi si hiari.

Rangi ni nyekundu iliyoiva na krimu. Waridi na kijani ni za Alpha Kappa Alpha, chama ambacho waasisi hao 22 walikihama. Usimshone tembo wa Delta kwa rangi hizo, hata kwa utani.

Kwa tembo wa urefu wa sentimita 20, tafuta nusu mita ya kitambaa cha pamba chekundu, robo mita ya krimu kwa masikio na tumbo, na takriban gramu 100 za pamba ya kujazia. Fua chekundu peke yake, tena na tena, mpaka maji yatoke safi. Ukiruka hatua hii, krimu itageuka waridi siku tembo atakapolowa, na hapo umerudi kwenye utani ule ule.

Chora mkonga ukiwa umeshapinda kwenda juu tangu kwenye patani (karatasi ya kukatia kitambaa). Wengi huuchora umenyooka wakidhani watauinua kwa kujaza, hauinuki. Upana usipungue sentimita 4, ukiacha milimita 7 za mshono kila upande, la sivyo hautapinduka ndani kuwa nje baada ya kushonwa. Shona kwa hatua fupi, kisha kata ukingo wa mshono kwenye mpindo wa ndani kila baada ya milimita 5, ukiishia milimita 2 kabla ya uzi. Bila mikato hiyo kitambaa hujivuta na ncha inashuka.

Pindua, anza kujaza kwenye ncha ya mkonga. Tia vibonge vidogo vya ukubwa wa harage, ukisukuma kwa kijiti butu. Bonge kubwa hukwama njiani na kuacha uwazi nyuma yake. Lakini mikonga mingi huangukia shinani, pale inapokutana na uso: shindilia hapo mpaka kidole kisizame, ndipo uendelee na kichwa. Waya husaidia, ila usiutie kama tembo ataishia mikononi mwa mtoto. Masikio yashone mwishoni, nyuma kidogo ya macho, yasivute uso kwenda chini.

Unataka kudarizi herufi za Kigiriki ΔΣΘ (Delta Sigma Theta) ubavuni uuze? Kwanza omba leseni makao makuu ya udada.