Mnatumwa Ulaya na familia? Anzeni na mama na watoto

Mchungaji akipata barua ya kwenda kutumika Ujerumani miaka mitatu minne, maandalizi karibu yote yanamwangalia yeye, semina yeye, kozi ya Kijerumani yeye, kuagwa kanisani yeye ndo anashikishwa maiki. Mi nilikuwa yule mama mchungaji aliyesimama pembeni na watoto wawili. Tulikaa mji mdogo karibu na Dortmund miaka minne, kwa hiyo haya nimeyapitia, nawaandikia wamama na pia wababa wanaowapenda.

Cha kwanza kabisa, kabla hamjasaini chochote, ombeni kozi ya lugha iwe ya watu wawili NA kuwe na mtu wa kubaki na watoto saa za kozi. Hilo la pili ndo linasahaulika. Mimi kozi nilipewa lakini mtoto wetu mdogo alikosa nafasi chekechea mwaka mzima (kule nafasi ni shida hata kwa wenyeji), basi baba akifika ana ofisi na wenzake wa kumsahihisha, mkubwa ana shule, mi nina jiko na dirisha.

Na hapa nataka nikae kidogo maana ndo panapouma. Kwetu ukiwa mama mchungaji unaamka tayari kuna mtu barazani, huyu ana mgonjwa, yule ndoa imeyumba, umoja wa wanawake wanakusubiri, unalalamika umechoka kumbe ndo maisha yako. Kule zilipita wiki tatu hakuna aliyegonga. Aliyekuja kugonga alikuwa jirani, bibi mmoja mtu mzima, Jumapili mchana, kunionyesha kwa vidole kwamba chupa nilizokuwa natupa kwenye pipa la vioo zinapiga kelele na leo haziruhusiwi. Nilifunga mlango nikalia mpaka watoto wakaja kunishika. Baadae ndo nikajua kule Jumapili ni siku ya utulivu kisheria, hata kutoboa ukuta na drili huruhusiwi, bibi wa watu hakuwa na ubaya wowote. Nikampelekea maandazi, na yeye akanifundisha kupanga taka, ndoo hii maganda, ile plastiki, ile karatasi, na maneno mengi ya Kijerumani niliyatoa kwa bibi yule na sio darasani.

Kwa hiyo usisubiri kutembelewa dada yangu, anza wewe. Ila usimtokee mtu mlangoni kama kwetu, weka ahadi, kahawa Alhamisi saa tisa, na saa tisa iwe saa tisa kweli.

Hiyo hali ya kuchukia kila kitu, mkate wao, kimya chao, inaitwa mshtuko wa utamaduni. Aliyeieneza sana ni Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia ambaye miaka ya nyuma alikuwa amefanya utafiti Ankole, Uganda, na makala yake ya 1960 ilitoka kwenye jarida la wamisionari. Alisema mwanzoni kuna kama fungate, unapenda kila kitu, alafu inakuja hasira, alafu unaanza kupata nafuu, mwisho unazoea. Mi ningejua tu kwamba hasira ina zamu yake nisingemgombeza mume wangu vile.

Sisi tulifika Agosti, hasira ikaja Novemba. Mwisho wa Novemba jua linazama kama saa kumi na nusu jioni, siku moja mdogo anavua viatu mlangoni ananiuliza, mama, mbona tunarudi usiku? Sasa fanyeni hivi: kila siku mtoke nje mchana hata nusu saa, hata kukiwa na mawingu, na muende kwa daktari wa familia awapime vitamini D, maana ngozi zetu nyeusi zinahitaji jua zaidi kuitengeneza. Ukiona wiki mbili zimepita hulali, hutaki kuongea na mtu, unalia bila sababu, mwambie daktari hivyo hivyo. Sisi watu wa kanisa tunaona aibu, tunadhani imani imepungua. Omba, na kwa daktari uende.

Watoto wao hawasemi, wanaumwa tumbo Jumatatu asubuhi. Wa kwangu alianza kukojoa kitandani akiwa na miaka saba, kumbe shuleni wanamshikashika nywele na kuna jina wanamwita. Msimwambie avumilie. Nendeni baba na mama wote wawili kwa mwalimu, na muandike barua, kule kilichoandikwa kinashughulikiwa haraka kuliko cha mdomo. Na nyumbani muongee wazi kwamba ubaguzi upo na kosa sio la mtoto.

Kiswahili kisitoke mezani. Wataanza kujibu Kijerumani, wewe endelea Kiswahili tu, na bibi apigiwe simu ya video kila Jumamosi, kumbukeni kiangazi tunapishana saa moja na baridi saa mbili msije mkamwamsha. Wa kwangu mkubwa nilimlegezea nikasema lugha ya mama haipotei, turudi nyumbani insha ya Kiswahili ikamshinda na darasani wakamwita Mzungu. Kule Wazungu walimwita Mwafrika, huku tena hivi, siku hiyo alikula chakula chake chumbani.

Kurudi nako kunapangwa mapema, kama mwaka mzima kabla. Kule mwaka wa shule unaanza Agosti au Septemba, kwetu Januari, mkirudi ovyo mtoto anapoteza muhula au anatupwa katikati ya darasa la mtihani. Pia ombeni angalau miezi miwili ya kupumzika kabla ya kupangiwa usharika mpya, sisi tulipewa wiki moja na maboksi hayajafunguliwa.

Hela za ndugu, kaeni kikao cha ukoo kabla ya safari, mtaje kiasi mtakachotuma kwa mwezi na nani atakipokea na kukigawa. Ukishafika Ulaya huwezi tena kumweleza mtu kwamba kodi na bima vinakula mshahara, hataamini.

Na mama, kwenye begi lako weka mwiko wa ugali. Unga utaupata maduka ya Waafrika Dortmund, ndizi pia zipo, ila mwiko wa maana mi sikuuona, nilivunja vijiko vyao vitatu ndo mama mkwe akanitumia wa kwetu kwa mtu aliyekuwa anakuja.