Kipato kikipungua, usikate kila kitu kwa kipimo kimoja

Mume wangu alipopunguziwa saa za kazi, kila aliyetutakia heri alitwambia neno moja: mjibane. Tujibane wapi, hakuna aliyesema. Nyumbani kwetu daftari la matumizi nalishika mimi, kwa hiyo nitaeleza hesabu yenyewe inavyokwenda.

Chukua kipato cha zamani, kiite 100. Sasa kimekuwa 70. Fikra ya haraka ni kwamba kila kitu kipungue kwa asilimia 30, lakini mwenye nyumba hapunguzi kodi kwa sababu mshahara wako umepungua. Rejesho la mkopo, ada na bima navyo havipungui. Tuseme hivyo vyote, ambavyo mimi naviita matumizi yaliyofungwa, vinakula 55. Zamani ulibaki na 45 za kuendeshea nyumba. Leo unabaki na 15. Kipato kimeshuka kwa chini ya theluthi, ila fedha ya kuzungushia nyumba imeshuka kwa theluthi mbili. Ndiyo maana mtu anaacha starehe zote na bado mwezi unamshinda: anakwangua zile 15, wakati uzito wote uko kwenye zile 55.

Kabla ya kukata chochote, pata namba mbili za kweli. Ya kwanza ni kinachofika mkononi baada ya makato. Kama kipato chako hupanda na kushuka, tazama miezi sita iliyopita, kisha panga bajeti kwa ule mwezi wa chini kabisa. Ukipangia wastani, miezi iliyo chini ya wastani utaishi kwa kukopa. Kitakachozidi mwezi mzuri kiwekwe kingojee mwezi mbaya. Namba ya pili ni matumizi ya miezi mitatu, na uyatoe kwenye taarifa za benki, risiti na ujumbe wa malipo ulio kwenye simu. Usiyatoe kichwani. Kichwa kinaikumbuka kodi na kusahau makato ya kutuma na kutoa fedha.

Wengi hugawa matumizi kwa majina: chakula, nguo, usafiri. Mimi nayagawa kwa swali moja: nisipolipa mwezi huu, kutatokea nini? Kama jibu ni kulala njaa, kukosa dawa, kutolewa kwenye nyumba, kukatiwa umeme au kushindwa kufika kazini, hicho kinalipwa kwanza. Kama jibu ni faini au riba, kinafuata. Kama jibu ni kwamba hakuna kitakachotokea, kinangoja. Swali hili linasaidia sana kwenye madeni, kwa sababu mdai anayepiga simu mara nyingi si lazima awe ndiye wa kulipwa mwanzo. Mtazame anayeweza kukutoa ndani au kuchukua chombo chako cha kazi, hata kama ni mpole.

Halafu kuna yale yasiyokuja kila mwezi: ada za muhula, bima ya mwaka, leseni, matengenezo, sare za watoto. Watu huyaita dharura, na mimi nakataa, kwa sababu tarehe zake zinajulikana tangu mwaka unaanza. Yaandike yote, yajumlishe, gawa kwa 12. Yakifika 60 kwa mwaka, ni 5 kila mwezi, na zile 15 zetu zimebaki 10. Inauma. Bora iume sasa ukiwa na kalamu mkononi.

Sasa rudi kwenye zile 55. Nenda kwa kila unayemlipa kabla tarehe haijapita, ukiwa na kiasi unachoweza kutoa na siku utakayokitoa. Anayekuja mapema na namba husikilizwa kuliko anayetafutwa. Omba tarehe za malipo zisogezwe zifuate siku ya mshahara, jambo ambalo mara nyingi halimgharimu yeyote. Futa malipo yanayojikata yenyewe kila mwezi kwa huduma usizotumia. Bima ipunguze ukilazimika, ila ifute ukiwa umekwisha kujua nani atalipa ukiugua.

Mkopo unahitaji uangalifu zaidi. Ukiongezewa muda, rejesho linashuka na riba inapanda. Deni la 1,000 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi juu ya salio, likilipwa kwa miezi 12, rejesho ni karibu 95 kwa mwezi na riba yote ni kama 135. Lifanye la miezi 24: rejesho linakuwa karibu 53, lakini riba inafika kama 269. Nakubali mpango huo pale tu ambapo bila hizo 42 za kila mwezi hatuli, na naomba nipewe kwa maandishi haki ya kulipa haraka baadaye bila faini. Mkopo mpya wa kuziba pengo la mwezi siukubali hata kidogo, maana mwezi ujao pengo litakuwepo lile lile, na rejesho juu yake.

Fedha ya chakula na nauli igawe kwa siku. Watu huigawa mara nne wakidhani mwezi ni wiki nne, lakini wiki nne ni siku 28. Ukitoa Februari, kila mwezi unakuachia siku mbili au tatu zisizo na fungu, na kwa mwaka hizo ni siku 29, mwezi mzima! Gawa kwa 30 au 31, kisha jipe fungu la siku saba saba kila Jumatatu. Ukijipa Ijumaa, mapumziko ya wiki yanalikuta bado nono.

Usitishwe na kanuni ya nusu kwa mahitaji, asilimia 30 kwa matamanio na 20 kwa akiba. Mwanatakwimu Mjerumani Ernst Engel alionyesha mwaka 1857 kwamba kadiri familia inavyokuwa na kipato kidogo, ndivyo chakula kinavyochukua sehemu kubwa ya matumizi yake. Asilimia ya chakula ikipanda daftarini mwako, usidhani umekuwa mfujaji. Akiba nayo iwe ndogo, lakini isiwe sifuri, kwa sababu hiyo ndogo ndiyo inayokuepusha na mkopo wa siku tatu.

Waambie wa nyumbani namba halisi, watoto wakubwa wakiwemo. Ndugu wanaokutegemea nao wapewe jibu moja mapema: nina kiasi hiki kwa mwezi, kikiisha nimeishiwa. Atakayenuna anune. Na kila mtu mzima abakiwe na fedha kidogo asiyoulizwa imekwenda wapi. Mpango usio na upenyo huo kwetu haufiki mwisho wa mwezi.

Siku ya kumi ya mwezi, fungua daftari. Kama fungu la chakula limeliwa zaidi ya theluthi, rekebisha hapo hapo, bado kuna siku ishirini za kufidia.

Inawezekana ufanye yote haya na hesabu ikatae kufunga, yale matumizi yaliyofungwa yakabaki makubwa kuliko mapato yenyewe. Hapo usiendelee kupunguza chakula. Weka tarehe, kwa mfano mwisho wa mwezi wa pili, na muamue mapema mtakachofanya ikifika bila mabadiliko: kuhamia nyumba ya kodi ndogo, kuuza chombo chenye mkopo, au mmoja kutafuta kazi ya ziada. Andikeni uamuzi huo kwenye daftari na tarehe yake, kisha anzeni kuulizia bei za nyumba wiki hii, wakati akiba bado inatosha kulipa kodi ya kuanzia.