Somo: Kupeleka data kwa itifaki ya AXI ndani ya chipu

AXI ilitolewa na kampuni ya Arm mwaka 2003, katika toleo la tatu la AMBA, familia yake ya itifaki za mawasiliano, ili kuunganisha prosesa, kumbukumbu na saketi nyingine zilizomo ndani ya chipu moja. Ina njia tano zinazojitegemea: tatu za kuandika, yaani anwani, data na jibu, na mbili za kusoma. Zote hufuata utaratibu mmoja wa kupokezana, nao ndio tutakaoutazama.

Hatua ya 1. Mtumaji aweke data kwenye nyaya na apandishe ishara ya VALID, yaani data iko tayari. Akishaipandisha, haruhusiwi kuishusha wala kubadilisha data hiyo mpaka ipokewe.

Hatua ya 2. Mpokeaji apandishe READY anapokuwa na nafasi. Data huhesabiwa kuwa imepokewa pale saa, yaani ishara ya mapigo inayoongoza saketi, inapopanda na kuzikuta ishara zote mbili ziko juu.

Hatua ya 3. Hakikisha kwamba mtumaji hasubiri READY ndipo apandishe VALID. Mpokeaji anaruhusiwa kuisubiri VALID, kwa hiyo mtumaji naye akisubiri, kila mmoja atamngoja mwenzake milele, na chipu itaganda bila kuonyesha kosa lolote. Mimi mwenyewe nimewahi kulitafuta kosa hili kwenye kumbukumbu, kumbe lilikuwa kwa mtumaji.

Hatua ya 4. Unapotuma mfululizo wa data kwa anwani moja ya kuanzia, usivuke mpaka wa baiti 4,096, kwa kuwa ng'ambo ya mpaka huo huenda kukawa na kifaa kingine kabisa.

Maswali ya wanachama

Swali: Je, data ya kuandika yaweza kutangulia anwani yake?
Jibu: Yaweza, kwa sababu njia hizo hazitegemeani. Mpokeaji asiyelitarajia hilo huharibu kazi, hivyo lijaribu mapema. Jibu la kuandika, hata hivyo, halitolewi kabla ya kipande cha mwisho cha data kupokewa.

Swali: Nina kipima muda chenye rejista (sehemu ndogo za kuhifadhi thamani) nne tu. Nacho kinahitaji AXI?
Jibu: Hakihitaji. Tumia APB, ambayo ni itifaki ya familia hiyohiyo ya AMBA. Kila uhamisho huchukua angalau mipigo miwili ya saa, lakini kipima muda hakiathiriki na ucheleweshaji huo, na saketi yake ni ndogo zaidi.